Kapu la Wifi

Wifi yangu alikuwa akikata mche wa sabuni kwa uzi. Kisu hakukitaka, kwa sababu kisu huacha makombo, na makombo ni sabuni. Akishakata, alivipanga vipande juu ya boriti ya jikoni kwake Buhongwa, vikae huko vikauke hadi viwe vigumu, ndipo alipokubali viguse maji. Sabuni mbichi, alisema, inaisha kabla nguo haijatakata. Siku ya kwanza kuona hivyo nilicheka. Kisha nikarudi kwangu Butimba, nikakata mche wangu kwa uzi, nikavipanga vipande juu ya boriti, panya wakavila vyote. Ndivyo tulivyoishi, yeye na mimi. Alichokifanya yeye kilimtii, na mimi nikikiiga kinanitia aibu.

Alikuwa dada mkubwa wa mume wangu. Habari za kuzaliwa kwake na za ukoo wao wanazo wenyewe Wasukuma. Mimi nilitoka Kagera kuolewa, nikamkuta tayari ni mjane, hana mtoto, ana cherehani barazani na maneno machache. Riziki yake ilikuwa kugeuza kola. Shati likichakaa shingoni, aliifumua kola, akaigeuza upande mzima ukatazama nje, mwenye shati akaenda kazini kifua mbele. Mitumba ilipofurika mjini tulisema sasa Wifi atakufa njaa, maana nani ageuze kola wakati shati zima linauzwa kwa bei ya kutupa? Yeye akaenda sokoni jioni wauzaji wakifunga, akanunua yale masweta yenye matundu ambayo kila mtu ameyakataa, akayafumua nyuzi na kufuma ya watoto wa shule. Akawa na wateja wengi kuliko zamani.

Niseme mapema kwamba nilimwonea wivu, ili mtu asijisumbue kunitafutia neno zuri zaidi. Haukuwa wivu wa sura wala wa mavazi. Nilimwonea wivu kwa sababu mume wangu alikuwa akirudi kutoka kwake ameshiba na ana la kusimulia. "Kwa dada hakuna kinachopotea," alikuwa akisema huku akivua viatu, na mimi nimesimama hapo na sufuria mkononi, nikijua kwamba ukoko ulio ndani yake naenda kuumwaga. Hakuwa akinisema. Alikuwa anasifu tu, tena kwa moyo mweupe, na sifa za namna hiyo huumiza kuliko matusi.

Na kweli kwa dada hakuna kilichopotea. Vumbi la mkaa alilichanganya na udongo wa kichuguu na maji aliyooshea mchele, akafinyanga madonge, akayaanika juani. Usiku yakawaka taratibu hadi maji ya kuoga yakachemka. Kiberiti kwake kilikuwa kitu cha wageni. Asubuhi alituma kigae kwa jirani kuomba kaa la moto, na jirani akiishiwa alikuja kuomba kwake. Mahindi aliyapeleka mashineni bila kukoboa, akala dona, na alipoulizwa kama hapendi sembe nyeupe alisema ameshaona watu wanalipia ili waondolewe chakula ndani ya chakula. Chai yake haikutiwa sukari. Ulipewa kipande cha sukari guru kiganjani, unang'ata kidogo, unapiga funda, kipande kinakufikisha mwisho wa kikombe kama ulikuwa na akili. Mimi sikuwa na akili. Kipande changu kiliisha mwanzoni, nikamalizia chai chungu huku yeye akinitazama.

Jioni tukishakula, alipuliza koroboi. Mara ya kwanza niliruka.

"Wifi, mbona umezima? Tunaongea."

"Kwani mnaongea kwa macho?" akasema gizani.

Mume wangu alicheka hadi akapaliwa. Tukaendelea na mazungumzo gizani, na ninakiri yalikuwa mazuri, watu walisema mambo ambayo penye taa wasingeyasema. Hilo nalo liliniudhi.

Majirani zake wengine walimwita mkono wa birika. Nilifurahi kusikia hivyo, nikalibeba jina hilo hadi Butimba nikiwa na nia ya kulitumia. Lakini kila nilipotaka kulitumia, yeye mwenyewe aliliharibu. Ukitokea msiba, cherehani ilifungwa na gunia lake la mahindi likatoka zima, wala hakurudi kulidai hata gunia lenyewe. Na Jumapili baada ya misa alifanya kitu ambacho sijapata kukielewa. Alikwenda kwenye duka la njia panda, akakaa juu ya kreti, akanunua soda baridi, akainywa yote peke yake akiwa amefumba macho. Hakumwonjesha mtu. Mtoto akisogea, alifumbua jicho moja tu, mtoto akarudi nyuma. Kisha alirudisha chupa, akajifunga khanga, akatembea kwa miguu hadi nyumbani ili asilipe nauli. Kwa kutembea huko alimaliza kandambili za matairi moja baada ya nyingine, na fundi wa viatu alimpenda sana. Nilipomwambia kwamba hesabu hiyo haina faida, alisema miguu ni yake.

Halafu yalikuja mapanki. Viwanda vya minofu vilipoanza kupeleka sangara Ulaya, sisi tunaokaa ziwani tulibakiwa na vichwa na mifupa, nyama imeng'ang'ania pembeni. Watu wa Mwanza wakayaita mapanki, wakayala. Mimi nilikuwa na maringo ya kwetu, siwezi kuyaficha. Nilikuwa nikituma mtu ayanunue, ayafunike kwa kitambaa, ayapitishe mlango wa nyuma. Wifi aliyabeba kwenye beseni kichwani, mchana kweupe, mikia inaning'inia, akiamkia watu njiani: "Mwangaluka! Mmeamkaje?" Nyumbani aliyachemsha, akaengua mafuta yaliyoelea, akayatia chupani yawe ya kukaangia mboga. Mifupa akaisaga kwa ajili ya kuku. Mwanangu Koku alirudi kutoka huko akinusa vidole vyake.

"Mama, kwa nini wewe hupiki hivi?"

Nilimwambia anawe mikono.

Sasa nifike kwenye kapu. Lilikuwa kapu kubwa la ukindu, ndani limejazwa sufi na masweta yale yaliyoshindikana hata kufumuliwa, katikati ameacha tundu la kuingia sufuria. Aliloweka maharage toka jana yake, asubuhi akayachemsha kidogo tu, akaiingiza sufuria kapuni, akaifunika kwa mto, akaenda zake kwenye cherehani. Mchana alifunua, maharage yameiva, laini, yanatoa moshi, na jiko limeshapoa zamani. Mkaa uliotumika ni ule wa kuchemshia chai kwa watu wengine. Watu walikuja kulitazama lile kapu na kuguna.

Nami nikatengeneza langu. Nilinunua kapu zuri zaidi, nikatia sufi mpya, nikalishonea na mfuniko wa kitambaa cha maua. Nikaloweka, nikachemsha, nikaingiza. Kisha nikaanza kuzunguka jikoni. Nikafungua nione kama bado yana moto. Yana moto. Nikafunga. Nikafagia uani, nikarudi, nikafungua tena, nikaonja moja, gumu. Nikafunga. Hata shughuli nyingine sikuiweza siku hiyo. Mchana mume wangu alikula maharage yaliyokuwa yakilia menoni kama kokoto, na hakusema neno, jambo ambalo sikumsamehe kwa muda mrefu. Sijui nani alimweleza Wifi. Alikuja siku nyingine, akalitazama kapu langu, akausifu mfuniko wake, akasema, "Unalifungua, wifi."

"Nitajuaje kama yanaiva?"

"Hujui. Unaliacha."

Mimi sikuwa mtu wa kuacha. Nilikuwa na mtoto mmoja tu na nilishapoteza wengine kabla hawajapata majina, kwa hiyo nilizoea kufunua na kutazama.

Huyo mmoja nilimpa jina la mama yangu, Koku. Wifi hakulipinga. Alimwita Minza tu, jina la kwao, siku zote, mbele yangu, kwa sauti ya kawaida kabisa, na mtoto aliitika. Nilikuwa nikimwambia Koku akiitwa Minza asiitike. Aliitika majina yote mawili na kukimbia kote kuwili. Kitu kimoja hakuna aliyeweza kuninyang'anya, nacho kilikuwa sauti. Koku alichukua sauti yangu jinsi ilivyo, na alipokua kidogo hata baba yake akiwa chumbani aliitika "Naam, mama Koku," kumbe anayeita ni Koku.

Mwaka mmoja wa njaa Wifi alituletea matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kukaushwa, Wasukuma wanavila mwaka mzima. Alivifunga kwenye kitambaa safi. Siku hiyo nilikuwa na yangu moyoni. Usiku uliotangulia mume wangu alikuwa amenisomea tena habari za dada. Wifi alipoondoka, nilivichukua vile viazi nikawamwagia nguruwe wa jirani. Koku alikuwa amesimama mlangoni akinitazama. Siku ya pili Wifi akarudi, akasimama uani, akatazama upande wa banda la nguruwe, kisha akanitazama mimi.

"Nimefuata kitambaa changu," akasema.

Nikampa. Akakikung'uta, akakikunja, akaondoka. Hakuniletea tena chakula.

Kisha ikaja ile miaka ya kupunguzwa. Shirika alilofanyia kazi mume wangu kama mtunza stoo lilipunguza watu, na yeye alikuwa miongoni mwao. Walipewa kiinua mgongo kidogo na maneno mengi. Kilikwisha kwa biashara ya dagaa ambayo hakuijua. Nyumba ikawa kimya. Ndipo Koku alipomaliza la saba, na akapata nafasi kwenye sekondari ya binafsi iliyofunguliwa Buhongwa, njia ya Shinyanga. Shule za binafsi zilikuwa zinaota kila mahali wakati ule, kila moja na ada yake. Sisi ada hatukuwa nayo. Nilikuwa nimeshaanza kumwambia Koku habari za kujifunza kushona, nikiangalia pembeni.

Wifi alikuja kwa miguu, jasho linamtoka. Alikaa, akanywa maji, akasema, "Ada ninayo."

Mume wangu akainamisha kichwa. "Asante, dada," akasema, kabla hata ya kusikia yaliyobaki.

"Ila Minza akae kwangu. Shule iko pale pale, anatembea. Nikilipa ada na nauli, sitafika naye mwisho."

Ilikuwa hesabu sahihi. Hilo ndilo lililoniua. Ningepata kosa ndani yake ningelishika kwa mikono yote miwili. Kwetu na kwao pia, shangazi asiye na mtoto akipewa mtoto amlee, watu husema vizuri. Hakuna mlango wa kulalamikia. Nilijua ninachotoa. Nilikuwa natoa mtoto wangu wa pekee aende kwa mwanamke ambaye sabuni yake haiishi, mkaa wake hauishi, na ambaye kila mtu aliyeingia kwake alitoka akitamani kurudi.

"Na mimi?" nikauliza.

"Wewe atakuja kwako Jumamosi," akasema.

Koku alifunga nguo zake haraka mno. Niliona, na sikusahau.

Wiki za kwanza zilikuwa mbaya. Alikuja Jumamosi akiwa amekuwa mwingine. Akachukua maji ya mchele niliyotaka kumwaga, akaniuliza chombo cha kuyawekea kiko wapi. Nikamwambia hapa si kwa Shangazi. Akayamwaga. Nikaona kwamba ameshakwenda, kilichobaki ni kuja kunisalimia, na ipo siku hata hilo ataliona ni kupoteza soli za viatu.

Halafu Jumamosi moja alifunga mlango wa jikoni nyuma yake, akafungua mfuko wa madaftari, akatoa kibakuli kilichofungwa kwa kitambaa. Ndani yake mlikuwa na maharage, bado ya vuguvugu.

"Umetoa wapi?"

"Nimeiba kwa Shangazi," akasema kwa sauti ya chini.

Mama mwema angemgombeza. Mimi nilivuta kigoda nikakaa, nikala kibakuli chote, na sijapata kula maharage matamu kama yale. Tangu siku hiyo hakuja mikono mitupu. Mara matobolwa, mara kipande cha sabuni kikavu kama jiwe, mara kichwa cha sangara kilichokaangwa, mara chumvi kwenye karatasi. "Nimeiba kwa Shangazi." Kila aliposema hivyo, moyo wangu ulikaa sawa. Alikuwa analala kule, anasoma kwa ada ya kule, anaitwa Minza kule, lakini alikuwa anaiba kwa ajili yangu. Mtu haibi kwa ajili ya mtu asiyempenda. Nilipokutana na Wifi kanisani, nilimwamkia kwa furaha hadi akashangaa. Nilimtazama pale akishika rozari, yule ambaye kwake hakuna kinachopotea, nikasema moyoni: unaibiwa, na hujui. Nilikuwa sina kitu kingine cha kujivunia miaka hiyo, nacho kilinitosha.

Koku alimaliza kidato cha nne, akapata chuo cha ualimu hapa hapa Butimba. Akalala chuoni, lakini Jumamosi aliendelea kwenda Buhongwa kumfulia shangazi yake, na kutoka huko alipita kwangu na mfuko wake. Alikuwa mtu mzima, na bado aliiba kwa ajili yangu. Wifi alikuwa ameanza kupoteza macho. Mtoto wa jicho aliingia upande mmoja, na walipomwambia aende hospitali wamtoe alikataa gharama, akasema jicho la pili bado linaona mlango. Kisha na la pili likafunga. Cherehani ikafunikwa shuka.

Jumamosi ya mitihani Koku hakuweza kutoka. Alinitumia maneno, mama tafadhali mpelekee Shangazi dawa ya matone na chumvi, usimwache bila mtu kutwa nzima. Nilienda. Nilijiambia naenda kwa ajili ya Koku.

Nilimkuta amekaa mkekani jikoni, mgongo ukutani, kapu liko ubavuni mwake na mkono wake mmoja uko juu yake. Masweta yalikuwa yamechungulia kwenye ukindu uliooza. Alikuwa mdogo kuliko nilivyokuwa nikimbeba kichwani mwangu.

"Hodi," nikasema.

"Minza, umechelewa leo," akasema, uso ukielekea mlangoni, macho meupe. "Ingia. Nilidhani mtihani umekuzuia."

Nilifungua mdomo niseme ni mimi, wifi. Hakunipa nafasi.

"Yameiva. Fungua kapu, mchotee mama yako kwanza kabla hujaanza kufua. Leo mjazie, nasikia baba yako anaumwa na mama yako amekonda. Kitambaa kipo pale kwenye msumari."

Nikasimama. Akadhani ninasitasita.

"Mwambie umeiba, kama siku zote," akasema. "Akijua ni mimi, nguruwe watakula."

Nilishika msumari kwanza, nilipokuwa natafuta kitambaa. Kilikuwa kile kile cha matobolwa, kimefuliwa hadi kimekuwa laini. Nataka kusema niliona haya, au kwamba nilishukuru, na labda vyote vilikuwemo, lakini kilichotangulia kilikuwa wivu, tena mpya, mkali kuliko wote. Kumbe hata wizi wangu ulikuwa wake. Miaka yote ile walikuwa wamekaa hapa jikoni, yeye na mwanangu, wanapanga jinsi ya kunilisha, na yule mtoto niliyemzaa mwenyewe, mwenye sauti yangu, alitunza siri yao vizuri kuliko alivyopata kutunza siri yetu yoyote. Nilifunua kapu. Mvuke ukanipiga usoni. Nikachota.

"Umejaza?"

"Nimejaza, Shangazi," nikasema.

"Lifunge basi, joto linatoka."

Nikalifunga. Nikamtia matone kwenye macho, nikamwekea chumvi kwenye kopo lake, nikafua nguo zake zote kwa kipande cha sabuni kutoka juu ya boriti, na aliponiita Minza niliitika kila mara. Kisha nikarudi Butimba kwa miguu, kibakuli nimekikumbatia.

Jioni Koku akatokea chuoni, amechoka na mitihani. Alikuta kibakuli mezani na kitambaa kimekunjwa kando yake. Alikitazama kitambaa, akakaa taratibu.

"Mama," akasema, "maharage haya umetoa wapi?"

"Nimeiba kwa Shangazi," nikamwambia, nikamsogezea kijiko.